Kupunguza uzito kabla ya kuwekewa goti au nyonga ya bandia



Katika makanisa yetu ya Bunia na kandokando yake, kila Jumapili tunawaona wamama na wababa wanaobaki wameketi wakati wengine wanasimama kuimba. Goti linauma, au nyonga imekuwa ngumu kama mlango wenye kutu. Baadhi yao wamekwisha kumwona daktari wa mifupa, naye amewaambia maneno mawili kwa pamoja: kiungo chako kimeharibika na kinafaa kubadilishwa, lakini kwanza upunguze uzito. Wengi hurudi nyumbani wamevunjika moyo. Wanaona kama wamefukuzwa kwa adabu.

Tunataka kueleza hapa kwa nini daktari anasema hivyo, namna ya kulifanya jambo hilo bila kujidhuru, na sehemu yetu sisi jamaa na washirika. Neno letu kuu ni hili: kilo zinazopunguzwa nyumbani ni sehemu ya operesheni yenyewe. Ni ile sehemu ambayo mgonjwa na watu wa nyumba yake ndio waganga.

Kiungo cha bandia ni nini

Mwisho wa kila mfupa, pale unapokutana na mwenzake, umefunikwa na gegedu, ile ngozi nyeupe na laini tunayoiona kwenye mfupa wa kuku. Gegedu ikilika, mfupa husuguana na mfupa. Ugonjwa huu madaktari wetu huuita artrozi. Huja kwa umri, kwa uzito, kwa urithi, na kwa majeraha ya zamani: mtu aliyevunjika goti kwa ajali ya pikipiki miaka 20 iliyopita anaweza kuanza kulipa leo. Nyonga inaweza pia kuharibika kwa vijana wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu huuita SS, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hao mara nyingi hawana uzito wa kupunguza, na mashauri yao ni mengine.

Katika operesheni, daktari huondoa sehemu iliyoharibika na kuweka kiungo cha chuma na plastiki ngumu. Operesheni ya nyonga kama inavyojulikana leo ilianzishwa na daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka wa 1962. Ya goti ilifuata na kukamilishwa katika miaka ya 1970. Katika nchi zinazoandika kumbukumbu za kila mgonjwa, hesabu zilizotangazwa mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba karibu magoti 8 kati ya 10, na nyonga karibu 6 kati ya 10, bado vilikuwa vinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa hiyo ni kazi ya kudumu, ikiwa jeraha limepona vizuri.

Kwa wengi wetu operesheni hii ni safari. Kuna hospitali za CoRSU huko Kisubi, Uganda, Kikuyu na Tenwek nchini Kenya, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI, huko Dar es Salaam. Mgonjwa anavuka mpaka, jamaa wamechanga pesa, pengine shamba au ng'ombe ameuzwa. Mtu akifika huko na kuambiwa arudi akajiandae, hasara ni ya ukoo mzima. Matayarisho yafanyike hapa nyumbani, kabla ya tiketi kununuliwa.

Kwa nini uzito una maana kubwa hivi

*Goti hubeba zaidi ya tunavyofikiri.* Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka wa 2005 ulipima watu wanene wenye artrozi ya goti wakitembea. Ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa kilo nne hivi juu ya goti katika kila hatua. Mama akipunguza kilo 5, goti lake linapata nafuu ya kilo 20 kila anapokanyaga. Ni kama kutua ndoo ya maji.

*Jeraha hupona kwa shida.* Mafuta yaliyo chini ya ngozi yana mishipa michache ya damu. Jeraha lililopita katika mafuta mengi hufungwa kwa shida, hutoa majimaji, na vijidudu huingia kwa urahisi. Kwa kawaida maambukizi ya kiungo cha bandia humpata mtu mmoja au wawili katika mia. Kwa watu wanene sana hatari hii huongezeka mara kadhaa. Vijidudu vikishika kwenye chuma, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Hulazimu kufungua tena, kusafisha, na wakati mwingine kukitoa kiungo chote. Kwa mtu aliyefanyiwa kazi hiyo ng'ambo ya mpaka, hiyo ni safari ya pili na deni la pili.

*Dawa ya usingizi na damu kuganda.* Mwili mzito hufanya kazi ya mwenye kutoa dawa ya usingizi iwe ngumu zaidi, hasa kwa mtu anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usiku. Pia damu inaweza kuganda katika mguu baada ya operesheni, na uzito huongeza hatari hiyo.

*Sukari na tansio.* Uzito mkubwa mara nyingi huja pamoja na ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu. Sukari iliyo juu hulisha vijidudu na kuchelewesha kupona. Kilo zikipungua, mara nyingi sukari na tansio navyo hushuka.

Jipime kwanza

Madaktari hutumia kipimo kinacholinganisha uzito na urefu: chukua kilo zako, zigawe kwa urefu wako kwa mita, kisha gawa jibu tena kwa urefu uleule. Jibu la 18,5 hadi 25 ni la kawaida. Kuanzia 30 ni unene. Kuanzia 40 ni unene uliozidi sana.

Tuchukue mfano. Mama ana urefu wa mita 1,60 na uzito wa kilo 105. Kipimo chake ni 41. Akipunguza kilo 3 anashuka chini ya 40. Akipunguza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 10 na nusu, anafika karibu 37. Hajawa mwembamba, lakini hatari yake imepungua. Kwa hiyo lengo la kwanza ni dogo kuliko watu wanavyodhani: kilo 5 kati ya 100, kisha 10 kati ya 100. Mtu asianze kwa kutaka kurudia mwili aliokuwa nao siku ya arusi.

Kama nyumbani hakuna mizani, kituo cha afya kinayo. Pima mara moja kwa juma, siku ileile, asubuhi, ukiwa na nguo nyepesi, na uandike katika daftari.

Polepole, na bila njaa

Nusu kilo hadi kilo moja kwa juma inatosha. Kwa mwendo huo, kilo 10 huchukua majuma 10 hadi 20. Mtu anayetaka kuzimaliza kwa mwezi mmoja kwa kunywa maji na chai tu atapunguza nyama ya misuli pamoja na mafuta, na misuli ya paja ndiyo itakayomsimamisha baada ya operesheni. Isitoshe, mtu mnene anaweza kuwa na utapiamlo: kilo nyingi, lakini damu kidogo na protini kidogo. Jeraha linahitaji protini ili lifunge.

Hapa tuseme wazi kuhusu kufunga. Kufunga kwa ajili ya maombi ni jambo la mtu na Mungu wake, wala lisigeuzwe kuwa dawa ya kupunguza kilo. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia vidonge au sindano anaweza kuzimia, hata kufa, akifunga bila kumwuliza daktari. Na katika majuma ya mwisho kabla ya operesheni, mgonjwa ale vizuri; wakati huo uzito ubaki palepale.

Chakula cha hapa kwetu kinatosha

Hakuna haja ya vyakula vya dukani vya bei kali. Tunashauri mambo haya:

1. Sahani yako iwe yako. Tukila pamoja katika sahani moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Pakua chako mapema. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, kabichi, sombe, biringanya. Robo iwe maharagi, samaki, ndagala, mayai au nyama. Robo iliyobaki iwe fufu, wali au makemba. Fufu isizidi ngumi yako.

2. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya mawese au ya dukani, kina kalori 120 hivi. Sombe ni mboga njema, lakini sombe iliyoogelea katika mawese na karanga ni chakula kizito. Punguza mafuta kidogo kila juma mpaka ulimi uzoee.

3. Angalia vinywaji. Soda ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo 8 au 9. Chai yenye vijiko vinne, mara tatu kwa siku, ni vijiko 12. Wengi hupunguza kilo za kwanza kwa kuacha hivi tu.

4. Usikusanye chakula cha siku nzima usiku. Nyumba nyingi za Bunia hupika mara moja, jioni. Mtu ameshinda na chai na mandazi, kisha anakula sana na kulala. Ukiweza, bakiza maharagi au samaki ya jana na uile asubuhi. Tumbo lililopata protini asubuhi halisumbui sana mchana.

5. Samaki wa Ziwa Albert, wale wanaoletwa kutoka Kasenyi na Tchomia, ni protini nzuri. Wachemshe au wachome. Wale wa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe, hasa kwa mwenye tansio.

6. Anayepika anaonja. Kuonja mara kumi ni mlo. Mpe binti au mtoto wa kiume aonje badala yako.

Mazoezi kwa mtu mwenye goti bovu

Wagonjwa hutuuliza: nitafanyaje mazoezi na ndilo goti linaloniuma? Jibu ni kwamba kilo hushuka zaidi kwa sahani kuliko kwa miguu. Lakini misuli huhitaji kazi. Utafiti wa mwaka wa 2013, uliofuata watu 454 wenye artrozi ya goti kwa miezi 18, ulionyesha kwamba waliounganisha chakula na mazoezi walipata nafuu kubwa ya maumivu kuliko waliofanya mazoezi peke yake, na kwa wastani walipunguza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wao.

Hali ya usalama katika Ituri hairuhusu kila mtu kutembea mbali au alfajiri. Mazoezi haya hufanyika ndani ya uwanja wa nyumba:

- Keti juu ya kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni.
- Lala chali, kunja mguu mmoja, inua ule mwingine ukiwa umenyooka hadi urefu wa mkono mmoja kutoka chini, shusha polepole.
- Simama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, kisha keti tena. Anza na mara tano.
- Zunguka nyumba kwa dakika tano, mara tatu kwa siku. Ongeza dakika kila juma. Shika fimbo mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma.

Mazoezi ya mikono nayo yafanywe, kwa sababu baada ya operesheni mikono ndiyo itakayobeba mwili juu ya magongo. Mizigo ya kichwani iachwe kwa wengine: ndoo, kuni, gunia la unga. Hapo ndipo watoto na majirani wanapoanza kazi yao.

Dawa za kuangalia kwa makini

Mjini kwetu, kama kwingineko Kongo, vidonge vya deksametazoni na siproeptadini huuzwa kwa wanaotaka kunenepa, na deksametazoni hutumiwa pia kwa maumivu. Deksametazoni hupandisha sukari na tansio, hudhoofisha mifupa, na ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga. Mtu ananunua unene sokoni, baadaye anatafuta nyonga ya bandia. Lakini aliyezitumia kwa muda mrefu asiache kwa siku moja. Mwili unaweza kuanguka. Amwambie daktari ukweli, apunguziwe polepole.

Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye tansio. Sindano ya kortizoni ndani ya goti isichomwe katika miezi mitatu kabla ya operesheni, kwa sababu huongeza hatari ya maambukizi. Na chale: ngozi ya goti iliyochanjwa ili kutoa maumivu ni mlango wazi kwa vijidudu. Ngozi hiyo iachwe nzima.

Siku hizi watu husikia habari za dawa mpya za sindano, kama semaglutaidi. Ni kweli zinafanya kazi: katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2024, watu wenye unene na artrozi ya goti walipunguza kwa wastani karibu asilimia 14 ya uzito wao kwa wiki 68, na maumivu yakapungua. Lakini ni ghali, zinahitaji baridi na daktari wa kufuatilia. Za kununua njiani tusizitumaini.

"Umekonda, una nini?"

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Katika nchi yetu, kukonda kuna historia. Tumeona watu wakikonda kwa vita, kwa kukimbia, kwa kuishi katika kambi, kwa ukimwi, kwa kifua kikuu. Kwa hiyo mwili mnene umekuwa ishara ya amani: mume anamtunza mke wake, watoto wanakumbuka mama yao. Mama akianza kupunguza kilo, majirani huuliza kama ni mgonjwa, na wengine hawaulizi, wanasema tu kati yao. Mume huona aibu. Mama naye, ili kufunga vinywa vya watu, hurudia fufu ya zamani.

Tunawaomba washirika wabadilishe desturi tatu. Kwanza, tusitoe maoni juu ya mwili wa mtu, wala kwa kusifu wala kwa kuhurumia, mpaka yeye mwenyewe aseme. Pili, kwenye arusi, matanga na mikutano ya wamama, mtu akisema fufu hii inanitosha, tusimwongezee kwa nguvu. Upendo haupimwi kwa sahani. Tatu, mgonjwa asiache kuwa siri ya mtu mmoja: mumewe, dada yake, au wenzake wawili wa kwaya wajue lengo lake na kula kama yeye anapokuwa nao. Anayetembea na wenzake kuzunguka uwanja wa kanisa baada ya mazoezi ya nyimbo huendelea kuliko anayetembea peke yake.

Tena tusimfanye mnene kuwa mwenye dhambi. Unene una sababu nyingi: urithi, uzazi, dawa, umaskini unaojaza tumbo kwa unga peke yake, na goti lenyewe lililomfunga mtu kwenye kiti. Kumhubiria ulafi mtu anayeumia hakupunguzi hata gramu moja.

Kilo zisiposhuka

Wako watakaojitahidi miezi sita na kupunguza kilo mbili tu. Hao wasiache kutibiwa. Mwaka wa 2013 kundi la madaktari wa nyonga na magoti wa Marekani lilishauri kufikiria kuahirisha operesheni kwa wenye kipimo kinachozidi 40. Lakini mwaka wa 2023 chama chao, pamoja na madaktari wa viungo, kilitoa shauri kwamba operesheni isicheleweshwe kwa sababu tu ya kufikia kipimo fulani, maana anayengoja kwa maumivu hudhoofika zaidi. Kila daktari na kila hospitali ina mpaka wake. Mwulize waziwazi: mpaka wenu ni upi, na nikishindwa kuufikia, tutafanya nini?

Wako pia ambao baada ya kilo 10 wataona maumivu yamepungua hata operesheni inaweza kungoja. Hiyo nayo ni faida.

Kabla ya kuanza safari

Hakikisha mambo haya yamepimwa hapa nyumbani: sukari, tansio, damu, mkojo, na virusi vya ukimwi. Meno mabovu yang'olewe au yatibiwe, na vidonda vya miguu vipone, kwa sababu vijidudu husafiri kwa damu hadi kwenye kiungo kipya. Mwenye kuvuta tumbako aache angalau majuma manne hadi sita kabla. Chukua daftari lako la uzito, picha za mifupa, na orodha ya dawa zote, hata zile za kienyeji.

Nyumba nayo itayarishwe. Choo cha kuchuchumaa hakitamfaa mwenye goti au nyonga mpya; fundi atoboe kiti cha mbao na kukiweka juu ya shimo. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Kanisani mtengeneze kiti kirefu chenye mahali pa kuegemeza mikono, na mwambieni mapema kwamba atakaposhindwa kupiga magoti, hakuna atakayemhesabia.

Mwenye goti linalouma asingoje barua ya hospitali ndipo aanze. Juma hili aende kituo cha afya apimwe uzito, sukari na tansio. Aandike hesabu hizo tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na achague mtu mmoja wa kumwonyesha daftari hilo kila Jumapili.